Kadi ya homa ya manjano Zanzibar: kwa nini mume aliulizwa na mke akapita? (Tunasafiri kutoka Kisumu)

#1 NyarDunga
Wadau, habari za jioni. Chama chetu cha akina mama wa soko kimekubaliana kwenda Unguja mwezi wa nane, shule zikifungwa. Nauli tumeanza kuweka, ila tumekwama kwenye chanjo ya homa ya manjano. Binamu yangu na mumewe walifika Zanzibar siku moja, foleni moja, dirisha moja. Mume akaambiwa atoe kadi. Mke akagongewa muhuri akapita bila swali. Habari hiyo imefika kwenye chama na sasa tumegawanyika: nusu wanasema twende kliniki, nusu wanasema pesa ya sindano itulipie mashua huko. Mimi ndiye mweka hazina na nataka jibu la kuwapelekea. Sheria ni ipi? Na kwa nini mtu na mkewe wapokewe tofauti?

#2 Msafiri_Nakuru
Kadi inatakiwa. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania, bara na visiwani, inaitaka kwa kila msafiri wa kuanzia umri wa mwaka 1 anayetoka nchi za orodha hiyo. Huyo mke alipita kwa sababu hakuulizwa, si kwa sababu haimhusu. Chanjweni.

#3 BodaKondele
Mimi nilienda kwa basi kupitia Sirare hadi Dar, nikapanda feri, sikuulizwa kadi popote. Naona wanaokaguliwa ni wa ndege. Ukishaingia Tanzania pale mpakani, Zanzibar unafika kama mtu aliyetoka Dar.

#4 Tiketi_Milimani
BodaKondele, ulibahatika tu. Pale mpakani upande wa Tanzania kuna maafisa wa afya, na wakiamua kuuliza wanauliza. Halafu Zanzibar ina uhamiaji wake. Hata ukitoka Dar kwa feri, ukishuka bandarini Malindi wageni wanaelekezwa dirishani na paspoti mkononi. Kwa hiyo njia ya barabara haikuondolei kitu.

Nadhani kwa hao wawili afisa aliangalia kadi ya mmoja akaona wako pamoja, akatosheka. NyarDunga, huyo mume alikuwa na kadi au alikwama?

#5 NyarDunga
Alikuwa nayo. Wote wawili walikuwa nazo. Ya mke haikutoka hata kwenye mkoba.

#6 Otis_Busia
Mimi nasema ni mihuri. Muulize huyo shemeji kama paspoti yake ina safari za Uganda au Kongo. Afisa akifungua ukurasa akaona umezunguka huko, lazima aulize.

#7 NyarDunga
Otis, umepiga ramli? Kweli shemeji ananunua bidhaa Kampala na paspoti yake imejaa mihuri ya Busia.

#8 Msafiri_Nakuru
Lakini Otis, Kenya yenyewe iko kwenye orodha hiyo hiyo na Uganda. Mke naye alitoka Kenya. Kama sababu ni orodha, muhuri wa Kampala hauongezi chochote.

#9 Otis_Busia
Kwenye karatasi, ndiyo. Dirishani mtu anafanya kazi kwa macho. Mimi naishi mpakani, naona kila siku: paspoti tupu inapita haraka, iliyojaa inasomwa.

#10 MuuguziAhero
Salaam. Nimefanya kazi kwenye chumba cha chanjo kwa muda mrefu, niruhusuni niandike kwa urefu maana hapa kuna mambo matatu yamechanganywa.

Kwanza, kwa nini visiwa ni wakali. Homa ya manjano ni virusi vinavyoenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana. Visiwa vingi vya Bahari ya Hindi vina mbu huyo lakini havina virusi hivyo. Mgeni mmoja akifika na virusi kwenye damu, mbu wako tayari kuvisambaza. Kwa hiyo kadi hiyo inamlinda mwenyeji kuliko inavyokulinda wewe.

Pili, kwetu si hadithi. Mlipuko wa 1992 na 1993 ulikuwa Bonde la Kerio, hapo juu tu yetu, na ndio uliofanya chanjo hii iingizwe kwenye ratiba ya watoto katika sehemu za Baringo na Elgeyo Marakwet. Mwaka 2022 ukatokea mwingine Isiolo. Mtu akikuambia Wakenya tunasumbuliwa bure, mkumbushe hayo.

Tatu, kadi yenyewe. Inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukidungwa Jumatatu na kuruka Ijumaa, afisa ana haki ya kuikataa hata kama mkono bado unauma. Na tangu tarehe 11 Julai 2016 dozi moja ni ya maisha. Ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado ni halali, haihitaji kuandikwa upya. Nimewarudisha nyumbani watu wengi waliokuja kutafuta sindano ya pili wasiyoihitaji.

#11 BodaKondele
Asante Muuguzi. Mbona basi wengine wanauza kadi mjini bila sindano? Nimesikia unapewa ikiwa na muhuri kabisa.

#12 MuuguziAhero
Ziko, na zinaniudhi sana. Tazama kadi halali kwa karibu: ina jina kama lilivyo kwenye paspoti, namba ya paspoti au kitambulisho, tarehe ya sindano, nambari ya kundi la chanjo, saini ya mkono ya mhudumu, na muhuri wa kituo. Zile za vichochoroni mara nyingi nambari ya kundi ni moja kwa watu kumi, na saini imechapishwa badala ya kuandikwa kwa kalamu. Mbali na kosa la jinai, unaenda kwenye kisiwa cha watu ukiwa huna kinga. Sindano ni moja tu maishani. Tafadhalini, mdungwe.

#13 Mwalimu_Kakamega
Nina maelezo mengine ya swali la dada. Kuna kanuni ya saa 12. Tanzania huidai kadi pia kwa mtu aliyesubiri zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi yenye hatari. Labda mume alitokea Kampala akalala Nairobi, na mke akaungana naye kwenye ndege.

#14 Tiketi_Milimani
Mwalimu, kanuni hiyo ipo lakini inamhusu mtu anayetoka nchi isiyo na hatari, mathalani Ulaya, akapumzika Nairobi. Anayeanza safari Kisumu ameshahesabiwa tayari, awe amelala Nairobi au hakulala.

#15 Mwalimu_Kakamega
Umenisahihisha vyema. Lakini afisa anajuaje nani alianza wapi? Anauliza. Na akiuliza, mmoja anajibu kwa ufasaha, mwingine anababaika.

#16 NyarDunga
Shemeji hababaiki, ni Mluhya wa Mumias mwenye sauti ya mnada 😄

#17 Mwalimu_Kakamega
Basi hiyo sauti ndiyo iliyomponza. Tulio wa huko tunajulikana tukiwa bado kwenye ngazi ya ndege.

#18 MamaPacha_Nakuru
Tukiacha kadi kidogo, dada NyarDunga, kuna bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inadai bima ya safari kwa wageni, dola 44 kwa mtu mzima, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar na kulipwa mtandaoni kabla ya kufika. Inadumu siku 92. Bima nyingine uliyonunua kwingine haichukui nafasi yake. Mkiwa chama cha watu wengi, hiyo si pesa ya kushtukia uwanjani.

#19 Otis_Busia
Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki si tumesamehewa?

#20 Tiketi_Milimani
Hapo nimesikia kila jibu. Kuna mteja aliyelipa, kuna aliyeambiwa apite. Ninachowashauri wateja ni kufungua tovuti ya serikali yenyewe, ambayo anwani yake inaishia go.tz, kujaza uraia wa Kenya na kuona inasema nini siku hiyo. Msitafute kwa kuandika tu "bima Zanzibar", kwa sababu zinatangulia kurasa za mawakala zinazoongeza pesa yao juu.

#21 BodaKondele
Na kitambulisho cha taifa? Mimi Uganda naingia nacho.

#22 Msafiri_Nakuru
Uganda na Rwanda, ndiyo, tangu 2014. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo. Utahitaji paspoti, au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki unayoombea eCitizen. Kwa chama kizima ningeshauri paspoti. Ofisi ziko Kisumu, Eldoret na Nakuru, hakuna haja ya kulala Nairobi. Mwenye paspoti aiangalie tarehe: ibaki na uhai wa miezi 6 tangu siku ya kusafiri.

Mnaobeba watoto, wekeni cheti cha kuzaliwa, na mtoto akisafiri na mzazi mmoja, barua ya ridhaa ya yule mwingine.

#23 Kapteni_Mbita
Nasoma tu hapa nikitikisa kichwa. Ziwa letu lina visiwa na hamhitaji muhuri wa mtu. Takawiri ina mchanga mweupe na minazi, boti ni kutoka hapa Mbita. Rusinga mnaingia kwa gari juu ya daraja, mnapita kaburi la Tom Mboya, mnalala mkisikia mawimbi. Mfangano kuna michoro ya kale miambani, Kwitone na Mawanga, ambayo wazungu wanatoka kwao kuja kuiona. Wanaotoka Kisumu wanaweza kwenda kwa barabara mpaka Luanda K'Otieno na kuvuka kwa feri.

#24 NyarDunga
Kapteni, tumezaliwa kando ya ziwa hili na tunauza omena yake kila asubuhi. Akina mama wanataka maji ya chumvi angalau mara moja.

#25 Kapteni_Mbita
Nimekuelewa min. Maji ya chumvi basi. Mkirudi nawangoja na ngege.

#26 MuuguziAhero
Na kwa wale watakaomsikiliza Kapteni: kichocho. Maji ya kina kifupi penye majani na konokono ndiyo hatari zaidi. Ukiogelea, nenda ukapimwe wiki kadhaa baadaye, dawa ipo. Na vaeni jaketi la kuokolea, hata safari ikiwa fupi, hata kama nahodha anaonekana amezaliwa ndani ya mtumbwi.

#27 Kapteni_Mbita
Muuguzi yuko sahihi. Kwangu huvai, hupandi.

#28 Msafiri_Nakuru
Turudi Unguja. Mwezi wa nane ni kusi. Hakuna masika, kuna ubaridi kidogo na upepo kutoka kusini-mashariki. Upande wa Paje na Jambiani utakuwa na upepo mwingi, ndiyo maana wacheza tiara za baharini wanaupenda. Akina mama wanaotaka maji yaliyotulia waende Kendwa au Nungwi, kaskazini.

Na kuna kitu mtu wa ziwani hakitarajii: kupwa na kujaa. Jambiani maji yakipwa yanarudi mbali sana, unatembea kwenye matope na nyasi za bahari, unawakuta wanawake wameinama kwenye mashamba ya mwani, vigingi na kamba kwa mistari, kila kamba imefungwa vichane vidogo. Ni pazuri mno kuangalia. Ila huwezi kuogelea hadi maji yarudi, na usikanyage penye weusi wa mashokoa, wale wanyama wadogo wa baharini wenye miiba, miiba yao inavunjikia ndani. Ulizeni hotelini saa za kujaa kabla ya kulipia mashua. Saa hizo husogea kila siku kwa dakika kama 50, kwa hiyo jibu la jana halifai leo. Vaeni viatu vya majini.

#29 MamaPacha_Nakuru
Naongezea ya mavazi. Mji Mkongwe ni mahali pa watu, wanaswali, wanalea. Mabega na magoti yafunikwe, nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Leso zetu mbili mbili zinatosha kabisa. Na msibebe mifuko ya plastiki. Kwetu ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na marufuku hayo yanawagusa wageni pia. Bebeni vikapu vya sisal, mtakuwa mabalozi wa soko letu.

Chaja zenu zitaingia, soketi ni zile zile za miguu mitatu.

#30 Otis_Busia
Kwa wanaotaka kupunguza gharama kwa barabara: Kisumu, Isebania, Mwanza, kisha basi hadi Dodoma, halafu mpande treni ya umeme mpaka Dar. Inafanya kazi tangu 2024. Mgongo utakushukuru ukilinganisha na basi lote mpaka Mbezi. Dar kwenda Unguja, boti ya kasi ni kama saa mbili. Shilingi za Kenya badilisheni mpakani kwa ofisi yenye leseni, kule kisiwani hazitafutwi sana.

#31 Daktari_wa_Safari
Wengine humu wanauliza Seychelles na Maldives kwenye jumbe za ndani, nijibu hapa kwa wote.

Seychelles haidai viza kwa taifa lolote, na watu wanaelewa vibaya. Lazima uombe kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kupanda ndege, ulipie, na uonyeshe mahali pa kulala na tiketi ya kurudi. Bila kibali hicho kaunta ya Nairobi haikupandishi. Kadi ya homa ya manjano, ndiyo. Tangu Agosti 2023 kuna tozo ya mazingira kwa kila usiku, inategemea ukubwa wa hoteli. Na ukinunua lile kokwa kubwa la Praslin, coco de mer, hakikisha lina cheti cha kulitoa nchini.

Maldives inakupa siku 30 ukifika. Unajaza tamko la msafiri mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya safari. Kadi wanaitaka pia. Pombe haiingii nchini, hata chupa ya zawadi, wala nyama ya nguruwe. Sigara za mvuke zimekatazwa kuingizwa tangu Novemba 2024. Kwenye visiwa vya wenyeji kuna ufukwe uliotengwa kwa nguo za kuogelea, kwingine jisitiri.

Komoro viza unalipia ukifika Moroni. Mtu wa Kiswahili atasikia maneno mengi anayoyajua, lakini fomu ni za Kifaransa.

#32 MuuguziAhero
Ongeza malaria, Daktari. Sisi tunatoka ukanda wa ziwa, malaria imejaa. Maldives ilithibitishwa kuwa haina malaria mwaka 2015. Mauritius nako ilishatokomezwa, na maafisa wa afya wanaweza kukufuata hadi unapolala kwa kipimo cha damu kwa sababu umetoka nchi yenye malaria. Usikasirike, toa kidole. Ukipata homa ukiwa kisiwani, mwambie daktari mapema kwamba umetoka Kisumu, kwa sababu daktari wa huko anaweza asiifikirie malaria kwanza.

#33 Daktari_wa_Safari
Sahihi. Na dawa zenye kodeini au tramadoli bebeni na barua ya daktari katika pakiti yake ya asili. Mauritius hawana mzaha nazo.

#34 BodaKondele
Nimerudi kwenye swali la kwanza. Nimemuuliza rafiki yangu aliyefanya kazi kwenye kampuni ya watalii Unguja. Anasema foleni ikiwa ndefu, wa afya huchukua mtu mmoja kwa kila watu kadhaa, na wengine wanapita. Kwa hiyo ni bahati ya nafasi yako kwenye mstari.

#35 Otis_Busia
Mihuri ya Kampala, nawaambia.

#36 Tiketi_Milimani
Au aliona kadi ya mume, akaona wako kwenye tiketi moja. Bado naisimamia hiyo.

#37 NyarDunga
Asanteni nyote. Chama kimekaa leo baada ya soko. Tunachanjwa wote kabla ya mwezi wa saba, na bima tutaiangalia kwenye tovuti ya serikali. Limebaki moja tu. Mama mmoja kwetu ana miaka 67 na anatumia dawa za presha na za mifupa. Kliniki imesita kumdunga. Afanyeje?

#38 MuuguziAhero
Wamefanya vizuri kusita. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mtu wa miaka 60 kwenda juu akidungwa kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa ingawa ni ndogo ni kubwa kuliko kwa kijana. Vivyo hivyo mwenye mzio mkali wa mayai, kwa sababu chanjo hukuzwa kwenye mayai ya kuku, na mwenye kinga iliyoshuka. Hizo dawa za mifupa zitajwe kwa majina, zingine hushusha kinga. Aende kwa daktari anayemfahamu. Akiona haifai, ataandikiwa cheti cha msamaha chenye sababu, saini na muhuri. Kanuni za afya za kimataifa zinawataka maafisa wa mpakani wauzingatie, ila hawalazimiki kuukubali, kwa hiyo aulize ubalozi wa Tanzania kabla hajalipa tiketi.

#39 NyarDunga
Tunampeleka Jumanne. Barua hiyo iandikwe kwa Kiswahili? Maana kule wote wanakisoma.

#40 MuuguziAhero
Hapana. Kanuni zinasema Kiingereza au Kifaransa. Kiswahili unaweza kukiongeza chini yake, lakini kisiwe peke yake. Na jina lake liwe vile vile lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi.